Kati ya Kipigo na Kipigo

Nasikia siku hizi nyinyi manesi wapya mkiletewa mtoto aliyechapwa na mzazi wake mnamkalisha yule mzazi kwenye benchi na kumpa hotuba. Mlevi anapewa hotuba, mlokole anapewa hotuba ileile, mama aliyekuja akilia kwa kwikwi naye hiyohiyo, kama karani anayepiga muhuri. Wote wanaitikia ndiyo, wanasema asante sana, wanamchukua mtoto wao na kwenda. Nanyi mnaosha mikono na kunywa chai. Kama nami ningekuwa nalipwa mshahara kwa kuitikiwa ndiyo, leo ningekuwa na nyumba ya ghorofa.

Kaeni basi niwaambie, maana viatu vyenu vyeupe bado vinang'aa na nina hofu mtavichakaza bure. Mimi nimefunga vidonda vya watu tangu nikiwa msichana. Nilianza kwenye zahanati ndogo ya shamba la mzungu mmoja nje ya Kitale, chumba kimoja cha mabati, halafu nikahamia hospitali ya misheni upande wa Bungoma, na huko ndiko nilikozeekea. Waliniita Mama Dresa, yaani mfunga vidonda, hata kabla sijawa mama wa mtu yeyote. Watoto waliopigwa na wazazi wao nimewaona wengi, na wazazi wenyewe nimewaona wengi zaidi, kwa sababu mtoto anakuja na kidonda na mzazi anakuja na maelezo.

Yule mzungu wa shamba alikuwa na kiboko nyuma ya mlango wa ofisi yake. Kila alipomwona mtoto wa mfanyakazi ana alama mgongoni alitikisa kichwa kwa huzuni na kusema kwamba Waafrika kwa kweli wanapenda sana kupiga. Akishasema hivyo alitoa kiboko chake nyuma ya mlango akaenda kukagua mahindi.

Aliyenifundisha kazi pale ni Mzee Yohana, dresa mkuu, na kusema kweli dresa peke yake mpaka nilipokuja mimi. Alikuwa mfupi, mchafu wa maneno, na mikono yake ilikuwa laini ajabu. Siku yangu ya kwanza nilivuta bendeji iliyokauka kwenye goti la mtoto, mtoto akapiga yowe, na Mzee Yohana akanipiga kikofi cha mkono.

"Unavuta nini? Wewe ni ng'ombe ya jembe?" akaniuliza. "Lowesha na maji ya chumvi, ya vuguvugu, halafu ngojea. Ukivuta unampiga mara ya pili."

Kwa hiyo tulilowesha na kungojea. Na wakati wa kungojea mtoto lazima ashikwe na mtu ili asichezecheze. Mimi nilitaka kumshika mwenyewe. Mzee Yohana alikataa. "Mpe mwenye kumleta amshike. Halafu wewe usiangalie kidonda, kidonda haikimbii. Angalia vile wamekaa." Hiyo ndiyo elimu yote niliyopata juu ya jambo hili, na sijaona kitabu kilichoizidi, ingawa nimevisoma vichache na vingine vilikuwa vizito vya kutosha kuzuia mlango.

Kulikuwa na mama mmoja, Mama Wanjiru, wa zile familia zilizotoka upande wa kati na kukaa huku. Aliuza mboga akiishi Matisi, kabla Matisi haijajaa nyumba. Siku moja aliingia mbio mtoto yuko mgongoni, kichwa cha mtoto kimepasuka, damu mpaka kwenye khanga, na sauti yake ilitangulia mwili wake kwa nusu maili.

"Ngai! Nimeua mtoto wangu! Nimemchapa na mwiko! Ni mimi, ni mimi, kamateni mimi!"

Mimi nilikuwa tayari nimemhukumu. Moyoni nilikuwa nimeshamfunga na kutupa ufunguo. Mzee Yohana akaniambia nimpe mama amshike mtoto. Nikampa kwa kinyongo. Yule mtoto, ambaye paji la uso lilikuwa wazi kwa mkono wa mama yake mwenyewe, alimkumbatia mama yake shingoni kwa nguvu hata ikawa kazi kupata nafasi ya kupitisha uzi. Kila nilipochoma sindano mtoto aliita mama, na kila alipoita mama yake alimwitikia, "Niko, niko." Tulipouliza kisa tukaambiwa mtoto alimwaga uji wote wa siku ile. Nyumbani kulikuwa na wadogo watatu wanaolia njaa, kijito kiko mbali, na mume yuko kwa mzungu mwingine akikama ng'ombe wa watu.

Mzee Yohana hakuhubiri. Alimtafutia jirani wa kuwaangalia wale wadogo wakati wa kwenda kuteka maji, halafu akamwambia mwiko usikae tena karibu na jiko. Uchomekwe kwenye nyasi za paa, juu kabisa, ili akitaka kupiga lazima avute kigoda apande. "Mpaka ufike huko juu utakuwa umesahau umepandia nini," alimwambia. Mwezi uliofuata Mama Wanjiru alipita na sukumawiki zake akatuambia kigoda kimesaidia, isipokuwa mara moja tu ambapo hakungojea mwiko akatumia kofi. Alisema hivyo akicheka na macho yamejaa machozi. Nilimpenda yule mama, na bado sikumsamehe lile paji la uso. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja, mtazoea.

Halafu kulikuwa na nyapara wa shamba lilelile, ambaye akishiba pombe alipiga chochote kilichokuwa karibu, mke, mtoto, mbwa, na kuna siku alipigana na mlango na mlango ukashinda. Alileta mtoto ameumia sikio. Nikamuuliza jina la mtoto. Akafikiri. Akamtazama mtoto. Akafikiri tena.

"Andika tu huyu wa tatu," akasema.

Nikampa amshike. Mtoto alikaa kwenye magoti ya baba yake kama mgeni aliyekosa kiti. Hakumwogopa sana wala hakumtafuta. Alimtumia kama benchi. Huyo nyapara akiwa mzima hakupiga mtu, lakini akiwa mzima pia hakumwona mtu. Yeye tulimsemea kwa mama yake mzazi, bibi mmoja mkali, kukhu kwa lugha yetu, kutoka Misikhu ambaye nyapara alimwogopa kuliko mzungu na kiboko chake. Kukhu akaja, akawabeba watoto wote watatu na kuku wawili, na nyapara akabaki na mlango wake.

Mnaona basi. Alama ni zilezile. Ukiwaweka wale watoto kwenye foleni na kuwavua nguo usingejua nani ni wa nani. Tofauti haikuwa kwenye kipigo, ilikuwa kati ya kipigo na kipigo, yale mambo ya siku za kawaida. Anampikia? Anamwita kwa jina? Mtoto akiota ndoto mbaya anamkimbilia nani? Msiniwekee maneno mdomoni, sisemi kwamba fimbo ikifuatiwa na wimbo inakuwa si fimbo. Mgongo wa mtoto haujali wimbo. Nasema tu kwamba ukitaka kumtoa mtoto kwenye shimo lazima kwanza ujue ni shimo gani.

Sasa nije kwa Erasto, maana bila Erasto nisingejisumbua kuwaita.

Huyu nilikutana naye baada ya kuhamia Bungoma. Alikuwa karani wa ghala la mahindi na mzee wa kanisa. Aliingia wodini akisalimia kitanda kwa kitanda, kaptura ya kaki imepigwa pasi mpaka ingeweza kusimama yenyewe, leso nyeupe mfukoni. Manesi walimpenda mara moja. Alimleta mwanawe Simiyu, mvulana aliyekuwa anakaribia umri wa kutahiriwa, na mkono wa Simiyu ulikuwa umevunjika juu ya kiwiko.

"Alianguka kutoka kwenye mpera, sista," alisema kwa sauti ya upole, ile ya mtu anayesoma tangazo la ndoa. "Watoto wa siku hizi. Tunawaombea tu."

Kabla ya hapo Simiyu alikuwa ameanguka kwenye mpera akavunjika kidole. Baadaye akaanguka tena kwenye mpera akachanika mgongo, kwa mistari iliyonyooka. Nilianza kuuonea huruma mpera ule. Mti umejizalia mapera yake, umesingiziwa mambo mazito kiasi hiki, na hauna wakili.

Nilimwomba Erasto amshike mtoto nikisafisha mgongo. Alitandika leso yake kwanza juu ya magoti, ili kaptura isichafuke, ndipo akamwambia Simiyu ainame hapo. Akamwekea kiganja begani, taratibu kabisa. Nimewaosha watoto wanaopiga kelele, wanaouma, wanaonitukana mimi na ukoo wangu wote. Simiyu hakutikisika. Maji ya chumvi yalipita kwenye nyama wazi na yeye alikuwa ameacha kupumua, anangoja kiganja kile kiondoke. Niliingiwa na hofu, nawaambia wazi.

Mama yake Simiyu, Rael, nilimpata siku hiyo nyuma kwenye sinki la kufulia. Naye alisema ni mpera. Nikaanza kufua bendeji pembeni yake. Nilikuwa nimejifunza kulowesha na kungojea.

"Huwa anaomba kwanza," alisema mwishowe.

"Nani?"

"Baba Simiyu. Anaomba, anamuelezea makosa yake. Kama chimni ya taa haijang'aa, ama hesabu imekataa. Halafu anamchapa. Hana hasira, Mama Dresa. Heri angekuwa na hasira. Akimaliza mtoto anasema asante."

"Na baadaye?"

Rael aliangalia mlango. "Baadaye hamuongeleshi. Wiki nzima, ama mbili. Mtoto akimsalimia anapita tu, ni kama hapana mtu. Na sisi wengine haturuhusiwi kumuongelesha. Anakula peke yake huko kwa kuku. Siku moja nilimuita jina lake nikisahau." Akavuta mkono wa blauzi yake chini mpaka kwenye vidole.

Nilikwenda kwa daktari. Daktari wetu mzungu hakuwa mjinga, msije mkacheka mahali si pake. Alikuwa ameona mwenyewe, na alikuwa ameshamwita Erasto faraghani na kusema naye kwa ukali. Erasto alikubali kila neno. Alileta trei ya mayai kwa ajili ya wagonjwa. Kisha akamwomba daktari aje kanisani kuwafundisha wazazi wote juu ya malezi mema, kwa kuwa, alisema, watu wetu bado wako gizani. Daktari akaenda. Na kwa kuwa Kiswahili cha daktari kilikuwa cha kuombea chumvi tu, aliyesimama pembeni yake kumtafsiria alikuwa Erasto. Nilikuwepo. Nawaapia hajatokea mtu aliyetafsiri vizuri kuliko yule. Daktari aliposema mtoto anahitaji upole, sauti ya Erasto ilitetemeka, na kina mama wa mstari wa mbele wakatoa leso.

Kwa chifu tulikwenda pia. Chifu alisema mtoto ni wa baba yake, na angekuwa na nafasi angetuambia zaidi, lakini alikuwa anaharakisha kwenda kumchapa wake.

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa tohara. Vijana walianza kutengeneza njuga zao na kuzipiga barabarani. Erasto akaja hospitali, leso mfukoni, akaomba Simiyu atahiriwe wodini, kwa sindano ya ganzi, bila kelele za kienyeji. Manesi wakamsifu: ndiye mzazi wa kisasa! Daktari alikubali, na jioni nikamuuliza sababu.

"Angalau atalala hapa wiki kadhaa," daktari alisema. "Hapa hatapigwa."

"Na wiki zikiisha?"

Alivua miwani akaisugua kwa muda mrefu. "Wewe una njia nyingine?"

"Nina babu yake," nikasema.

"Basi usiniambie," alisema, akaenda zake nyumbani. Nilimheshimu kwa hilo.

Nanyi mliokulia mjini niwaeleze. Kwa Wabukusu mvulana hatahiriwi hivihivi. Kabla ya siku yenyewe lazima aende kwa mjomba wake, ndugu wa mama, tunayemwita khocha. Khocha anachinja ng'ombe, anakata ukanda wa nyama ya kidari, anamvika shingoni. Nyama hiyo inaitwa luliki, na mvulana anakwenda nayo nyumbani imening'inia kifuani. Khocha asipotoa, jambo limeharibika na kila mtu atajua. Na mvulana anafika huko akiwa amevua shati. Nguo gani ya kuvalia nyama? Erasto alikuwa amemzuia khocha huyo, Makokha, kukanyaga nyumbani kwake tangu alipomwoa Rael, eti kwa kuwa Makokha anakunywa busaa. Busaa ya Makokha haikuwa na kosa. Makokha alikuwa na macho, hiyo ndiyo ilikuwa shida yake.

Kwa hiyo siku yangu ya mapumziko nilifunga kitambaa kizuri nikaenda kwa Mzee Wafula, babake Erasto, ambaye hakuwa na habari. Nilimkuta anapukuchua mahindi.

"Hongera, Kuka," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita babu. "Tunamngoja mjukuu wako hospitali. Nimemtandikia kitanda mwenyewe. Atakatwa amelala vizuri, na sindano ya ganzi, hatasikia kitu."

Mzee Wafula aliweka gunzi chini.

"Amelala?"

"Chali, Kuka. Na blanketi."

Sikuhitaji kusema neno jingine, na chai niliyotengewa niliinywa peke yangu maana mzee alikuwa ameshaingia kutafuta koti.

Kesho yake asubuhi tulimsikia kabla hajafika getini. Aliingia wodini na fimbo yake ya kutembelea, nyuma yake wazee wengine watatu waliokuja kwa sababu waliona mwenzao anatembea kwa hasira na hawakutaka kukosa. Erasto alikuwa pale akizungumza na mchungaji.

"Erasto! Ati mujukuu yangu atakatwa amelala? Ye ni mugonjwa? Ye ni mwanamuke anazaa? Mimi nilisimama. Baba yangu alisimama. Wewe mwenyewe nilikushikia nini, si ulisimama? Sasa hii ingine mnataka kulaza kitanda na kufunika na bulangeti kama mandazi!"

"Baba, mambo yanabadilika," Erasto alisema kwa upole.

"Yabadilike na ya kwako! Makokha amekataa kuchinja ama nini? Mutu aende kwa Makokha leo aulize kama amekataa!"

Wagonjwa walikuwa wameinuka kwenye mito. Mwanamume mmoja mwenye mguu uliovunjika alipiga makofi. Erasto aliwaangalia wote mmoja mmoja. Angeweza kumkatalia baba yake. Lakini kesho ghalani kila mwenye gunia angemuuliza kuhusu blanketi. Mtu aliyekaa miaka akilinda sifa zake hawezi kuzitupa mbele ya mchungaji.

"Basi aende kwa mjomba," alisema. "Ila avae shati. Kuna baridi."

"Na luliki itaning'inia wapi, kwa kola?" mzee akauliza, na wodi nzima ikaangua kicheko. Hata mchungaji alicheka, akajifanya anakohoa.

Siku ya kwenda kwa khocha nami nilikwenda. Palipo na ng'ombe wa kuchinjwa hakuna anayeuliza nani amealikwa. Simiyu alikuja mbio na njuga zake, vijana wenzake wanaimba nyuma, baba yake na babu yake pembeni, Rael mbali kidogo, pamoja na wanawake. Simiyu alikuwa amevaa shati. Makokha, jitu refu lenye mikono ya mchimba visima, alisimama mlangoni na ukanda wa nyama ukichuruzika.

"Vua, mwana wa dada," akasema.

Simiyu alimtazama baba yake. Erasto alikuwa anatazama mbingu, huenda alikuwa anaomba. Vijana walimvua wenyewe wakiimba, na waliokuwa nyuma yake wakanyamaza kwanza, halafu wa pembeni, mpaka njuga zikabaki peke yake na Simiyu akaacha kuzipiga.

Makokha alimzunguka. Hakugusa. Mistari ilikuwa imepangwa tangu mabegani hadi kiunoni, mipya juu ya ya zamani, imelingana mno.

"Mulamwa," alimwambia shemeji yake Erasto, "hii mgongo ni ya nani?"

"Ni ya mtoto wangu. Ninamrudi kama Maandiko yanavyosema. Na baba yangu hapa ni shahidi, mimi pia nilirudiwa. Sikufa."

Watu wakamgeukia Mzee Wafula. Mzee alikuwa ametoa mkono wake na kupitisha kidole hewani juu ya ile mistari, bila kuigusa, kama mtu anayesoma maandishi ya lugha asiyoijua.

"Nilikuchapa," alisema polepole. "Ni kweli, nilikuchapa sana, na fimbo ingine nilijutia. Lakini jioni, Erasto. Jioni ulikula na nani? Si ulikula na mimi, sahani moja, na nyama nilikutolea mufupa? Huyu anakula na nani?"

Rael aliyekuwa kati ya wanawake alisema, si kwa sauti kubwa, lakini kila mtu alisikia, "Anakula na kuku."

Nimemchukia mzee yule kwa fimbo zake na nimempenda kwa swali lile, yote kwa wakati mmoja. Na msidhani namsamehe. Erasto aliujifunzia wapi mkono wake?

Makokha alimvika Simiyu nyama. Watu wakashusha pumzi, wakidhani yamekwisha. Ndipo akasema, "Luliki nimekupea. Sasa mimi iko na neno moja. Atakatwa kwa boma ya baba yake, ni sawa, ndiyo desturi. Lakini kuponea, ataponea hapa kwangu. Hii ya kisu na hii ingine yote. Na akipona tutaongea kama ataludi."

Wazee wakaanza kunong'ona kwamba haijawahi kuonekana, kijana kuponea kwa mjomba na baba yake yu hai. Mmoja akasema, kwa busara aliyojivunia, kwamba heri kijana mwenyewe aulizwe. Makokha akainama.

"Simiyu. Unataka kuponea wapi? Usiogope mtu."

Simiyu akafungua mdomo. Na kabla hajasema, Erasto alisogea hatua, akatoa leso, akajifuta midomo, akasema kwa ile sauti yake nzuri iliyowaliza kina mama kanisani, "Sema ukweli tu, mwanangu."

Mkojo ulimtoka Simiyu ukashuka miguuni mpaka vumbini, mbele ya vijana wenzake, mbele ya wasichana waliokuja kuimba, nyama ya mjomba wake iko shingoni. Hakulia. Alisimama tu wima, macho mbele, akisema, "Asante, baba. Asante, baba."

Hakuna aliyemuuliza tena, wala aliyempinga Makokha. Yule mzee wa busara alivua kofia. Erasto alikunja leso yake vizuri, pembe kwa pembe, akairudisha mfukoni, akaondoka kabla nyama haijaiva.

Makokha na watu wake walimsindikiza kijana hadi nyumbani kwa baba yake wakakesha uani, wakinywa busaa kwenye ua wa mzee wa kanisa, na hakuna aliyethubutu kuwafukuza. Alfajiri walimpaka Simiyu tope mtoni wakamleta akasimama mbele ya mkataji. Nilikuwa karibu, na bendeji zangu kwenye kikapu. Nimeona wanaume wakubwa wakitetemeka pale. Simiyu aliangalia kisu kikija na hata kope haikucheza, na umati ukalipuka kwa vigelegele, wanawake wakarukaruka, wazee wakapiga mayowe wakisema kwa kweli huyu baba yake amemlea.